Kurudi Saa Moja Asubuhi

Kuna kitufe kimoja katika kazi yangu ambacho nimekibonyeza mara nyingi bila kuwaza, na mara moja tu nikakijutia. Ukikibonyeza, kompyuta inarudi kuwa vile ilivyokuwa saa fulani iliyopita. Faili ulizofuta zinarudi. Programu uliyoharibu inapona. Hata madirisha yaliyokuwa wazi yanaweza kufunguka pale pale yalipokuwa, na saa ya kompyuta ikaanza kuhesabu kutoka dakika ile ile, kana kwamba hakuna kilichotokea katikati.

Sisi wa rika langu tumelelewa na vitufe vya aina hii. Tunafuta meseji kabla haijasomwa. Tunafuta picha tuliyoweka usiku tukijua asubuhi itatuaibisha. Tumezoea kuona kosa kama kitu kinachofutika, na kikishafutika, basi, maisha yasonge. Kwa hivyo swali langu ni rahisi kuliuliza: ukiweza kulifuta kosa lako lote, na aliyekosewa asijue, je, bado una deni kwake?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa hapana. Deni gani tena na kila kitu kimerudi mahali pake?

Niseme kwanza kazi yenyewe. Mimi ni fundi wa seva. Miaka michache iliyopita niliitwa na sacco moja ndogo hapa Nairobi, ofisi iko orofa ya tatu huku chini ya tao, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Wanachama ni wauza mitumba, makondakta, mafundi cherehani, walinzi wa usiku. Nilikuta kompyuta tatu kuukuu chini ya meza: moja ya programu ya sacco, moja ya faili na printa, moja ya mahudhurio ya wafanyakazi. Zote tatu zilikuwa moto, zote zinapiga kelele, na stima ikipotea kila moja inaamka na shida yake.

Nilimwambia meneja tununue seva moja nzuri iliyotumika, ile tunayoita ex-UK, halafu zile tatu tuziingize ndani yake. Aliniangalia kama mtu anayeahidiwa kuingiza matatu tatu ndani ya moja. Lakini ndivyo inavyofanyika. Kuna programu inayokaa juu ya chuma chenyewe, inaitwa haipavaiza, kazi yake ni kugawa mashine moja iwe nyingi. Fikiria landilodi aliyegawa ploti moja kuwa vyumba, ila hapa kila mpangaji anaamini kwamba ana nyumba yake peke yake, na mita yake ya stima, na geti lake. Hizo nyumba za kuaminishwa ndizo mashine pepe. Katika lugha ya kazi, chuma kile kikubwa kinaitwa mwenyeji, na mashine pepe zilizo ndani yake zinaitwa wageni.

Nilichagua Proxmox, programu iliyotengenezwa Vienna, Austria, na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2008. Unaweza kuitumia bila kulipa, na ndiyo maana mafundi wengi wameikimbilia tangu Broadcom iinunue VMware mwishoni mwa 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu. Kuiweka si vita. Unaishusha, unaiandika kwenye flashi, unaingia kwenye mipangilio ya mwanzo ya mashine na kuwasha uwezo wa kubeba mashine pepe, ambao kwa Intel unaitwa VT-x na kwa AMD unaitwa AMD-V. Unachagua diski, unaandika nywila na anwani ya mtandao, unasubiri dakika chache. Seva ikiwaka tena inakuonyesha skrini nyeusi yenye anwani inayoishia na 8006. Unafungua anwani hiyo kwenye laptopu yako, na kuanzia hapo unaiendesha seva nzima ukiwa umekaa na kikombe cha chai.

Kizuri kuliko vyote katika mfumo huu ni picha. Kwa Kiingereza wanaiita snapshot, na sisi mafundi tunalitamka hivyo hivyo, lakini hapa nitaiita picha. Kabla hujagusa kitu cha hatari ndani ya mgeni, unampiga picha. Haichukui muda, kwa sababu diski hainakiliwi yote. Mfumo unaweka alama tu: yaliyoandikwa mpaka hapa yasiguswe, yatakayoandikwa baada ya hapa yaende pembeni. Mambo yakiharibika, unarudi kwenye alama. Na kurudi maana yake ni kwamba yote yaliyoandikwa pembeni tangu wakati huo yanatupwa.

Sasa nije kwa Jumanne yenyewe.

Programu ya sacco ilikuwa na apdeti. Nilifika mapema, nikampiga picha mgeni wetu saa moja kamili asubuhi, nikaweka apdeti, nikajaribu hapa na pale, kila kitu poa. Saa mbili na nusu milango ikafunguliwa. Nikaenda zangu kwa kazi nyingine mitaa miwili kutoka hapo.

Saa tisa na kitu dada wa kaunta akanipigia. "Fundi, njoo uone hii." Apdeti ilikuwa imehesabu riba mara mbili kwenye kila mkopo. Foleni ilikuwa imeshuka ngazi mpaka orofa ya pili, na kondakta mmoja alikuwa anauliza kwa sauti ya stendi ni nani amemkopesha pesa ambazo hajawahi kuziona.

Meneja alisimama nyuma ya kiti changu. "Si ulisema unaweza kuirudisha?"

"Naweza, bosi."

"Basi rudisha."

Hapa sitaki kujisingizia usahaulifu. Nilijua. Fundi yeyote anajua kwamba kabla ya kurudi nyuma unatoa kwanza nakala ya data ya siku hiyo, uiweke kando, ndipo ubonyeze. Ni jambo la dakika kumi. Lakini halafu ningelazimika kukaa usiku kutenganisha yaliyo sawa na yaliyoharibika, na watu walikuwa wanapiga kelele, na shingo yangu ilikuwa inahisi pumzi ya meneja. Nikajiambia: risiti zipo, tutaingiza upya. Proxmox ikaniuliza kama nina hakika. Nikakubali.

Haikuzidi dakika moja. Riba zikarudi sawa. Pembeni ya skrini saa ya kompyuta ilisema ni saa moja na dakika nne asubuhi, na ile ya ukutani ilikuwa inakaribia saa kumi. Dada wa kaunta alicheka. "Mashine inatuamkia," alisema.

Usiku ule tulifanya kazi ya haki, na ninaisema bila kujisifu. Tulichukua nakala za kaboni za risiti zote za siku, tukachukua orodha ya malipo yaliyoingia kwa M-Pesa, tukaingiza moja baada ya nyingine. Saa tatu usiku hesabu ilikubali mpaka shilingi ya mwisho. Meneja aliagiza chapati na maharagwe. Tukiwa tunakula akasema, bila ukali, "Hii maneno ibaki hapa. Sacco ni imani. Mtu akisikia mashine ilisahau pesa yake hata kwa saa moja, kesho atakuja kuitoa yote, na wa pili atamfuata. Na hakuna aliyepoteza kitu."

Nilikubali haraka. Kusema kweli nilishukuru, maana kosa lilikuwa langu.

Wiki iliyofuata, Jumanne tena, nilikuwa nyuma ya kioo cha kaunta nikitoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Akaja mama mmoja anayeuza nguo za watoto Gikomba. Hakuwa na kelele. Aliweka kitambulisho chake juu ya kaunta na kumwambia yule dada, "Msichana wangu, wiki jana nilikuja hapa kubadilisha namba ya simu. Wewe ndiye uliyenihudumia. Ukaniambia, imeingia, mama."

"Ndiyo, mama, nakukumbuka."

"Mbona jana meseji ya salio imeenda kwa namba ya zamani?"

Laini ya zamani ilikuwa mikononi mwa mwanaume ambaye alikuwa mume wake. Walikuwa wameachana, na yule bwana alibaki na laini. Mama alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo bila yeye kujua ni kiasi gani. Jumatatu jioni sacco ilituma salio kwa wanachama wote kama kawaida yake, na yule bwana akasoma. Kabla ya giza kuingia alikuwa mlangoni kwake. Alifanya nini pale mlangoni mama hakusema, na hakuna aliyemuuliza.

Dada wa kaunta akafungua akaunti. Namba ya zamani ilikuwa pale pale. "Lakini nilibadilisha, mama. Haki ya Mungu nilibadilisha." Akaangalia tena. Sauti yake ikashuka. "Ama nilisahau kuhifadhi?"

Nilimwona akianza kuitilia shaka kumbukumbu yake mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri, kwa mikono yake, na mbele yake kulikuwa na skrini inayomwambia hakuifanya. Na mama naye alikuwa anamwangalia kama mtu anayeanza kuelewa kwamba amedanganywa. Wote wawili walikuwa wanakumbuka sawa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeifuta siku yao.

Kubadilisha namba hakukuwa na risiti. Alionyesha kitambulisho, dada akaandika kwenye programu, basi. Pesa zote tulikuwa tumezirudisha mpaka shilingi ya mwisho, na katika kuhesabu shilingi hatukujiuliza hata mara moja ni mambo gani mengine watu walitufikia nayo siku ile ambayo hayakuwa shilingi.

Ningependa kuandika kwamba nilizungumza papo hapo. Nilikaa kimya kama muda wa kuhesabu mpaka kumi, nimeshika karatasi ya printa. Kisha nikatoka nyuma ya kioo nikasema, "Mama, si yeye. Ni mimi." Nikamweleza nilivyoweza: kwamba mashine iliharibika, kwamba niliirudisha asubuhi, kwamba alichokuja kufanya kilifutika pamoja na vingine.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo mlijua tangu siku ile."

"Tulijua, mama."

"Mkanyamaza."

"Tulinyamaza."

"Kijana wangu, mashine imesahau, sawa, mashine ni mashine," akasema. "Wewe ulikuwa unakumbuka."

Nimelitafuna neno hilo muda mrefu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa seva, nilianza kulitafuna kwa meno ya kazi yangu.

Mashine pepe si jambo geni. Miaka ya 1960, watu wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walikuwa na kompyuta kubwa za bei ya kutisha, na walitaka watumiaji wengi waigawane moja, kila mmoja akijiona ana yake. Mwaka 1972 kazi hiyo ikawa bidhaa, VM/370. Miaka miwili baadaye Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ya kinadharia ambayo bado tunayasoma. Kwa ufupi ni matatu: mgeni aendelee kufanya kazi kana kwamba yuko peke yake kwenye mashine halisi, mwenyeji awe na mamlaka kamili juu ya mali yote, na kazi isicheleweshwe mno. Ukiyatazama vizuri, sharti la kwanza na la pili yakikaa pamoja yanasema hivi: mwenyeji ana uwezo wote, na mwenyeji bora ni yule ambaye mgeni hamtambui. Ninaweza kumsimamisha mgeni katikati ya sentensi, nikamnakili, nikamhamisha, nikamrudisha jana, naye akaendelea na sentensi yake.

Kwa mashine iliyo peke yake mpango huu hauna ubaya. Shida inaanza mgeni akiwa na majirani.

Ofisi kubwa zinazotumia Windows huwa na seva zinazotunza majina na nywila za wafanyakazi wote. Kwa kawaida huwa mbili au zaidi, na zinapashana habari: kila badiliko lina namba yake, na kila seva inakumbuka mwenzake alifika namba ngapi. Sasa mchukue mmoja wao umrudishe kwenye picha ya jana. Yeye anaamka akidhani amefikia namba ya jana. Anaanza kuandika mambo mapya kwa namba ambazo alikwisha kuzitumia. Mwenzake akiona namba hizo anasema, hizi ninazo tayari, na hazichukui. Hakuna kengele inayolia. Kila mmoja anaendelea kwa imani safi, na wanazidi kuachana, mpaka siku mfanyakazi aliyefukuzwa upande mmoja anapoingia kwa upande wa pili.

Mafundi waliumia na jambo hili kwa miaka. Mwaka 2012, katika Windows Server ya mwaka huo, Microsoft wakaleta dawa. Haipavaiza inampa mgeni namba ndefu ya biti 128, na kila mgeni anaporudishwa nyuma, mwenyeji anaibadilisha. Mgeni akikuta namba si ile aliyoizoea, anajua: nimerudishwa. Anachukua utambulisho mpya ili wenzake wasimchanganye na yule wa jana, anatupa akiba ya namba aliyokuwa ameshika, kisha anawageukia majirani zake na kuchukua kutoka kwao yale aliyoyakosa. Leo hata Proxmox inatoa namba hiyo kwa wageni wake.

Ninaipenda habari hii kwa sababu hakuna aliyeileta kwa ajili ya maadili. Wahandisi waliotaka mwenyeji asionekane kabisa waligundua, kwa hasara, kwamba kuna jambo moja lazima mwenyeji aliseme. Unaweza kumfanyia mgeni mengi kimyakimya. Ukimtoa kwenye wakati wa wenzake, mwambie, kwa sababu wenzake hawakurudi naye.

Jumanne ile nilirudisha mashine moja saa moja asubuhi. Mji wote ulibaki saa kumi. Simu ya yule mama ilikuwa saa kumi, kumbukumbu ya dada wa kaunta ilikuwa saa kumi, yule bwana mwenye laini ya zamani alikuwa saa kumi. Na seva yetu haikuwa na seva jirani ya kuiuliza ilichokosa. Majirani zake walikuwa wanachama. Wao ndio waliokuwa na nakala ya siku ile, kila mmoja kipande chake. Tulikuwa na njia moja tu ya kuipata siku nzima, nayo ilikuwa kuwauliza, na tusingeweza kuwauliza bila kuwaambia kwa nini tunauliza.

Hapa ndipo jibu langu la zamani linapovunjika. Nilidhani kuna hatua mbili tofauti: kwanza kurekebisha, ambako ni lazima, halafu kukiri, ambako ni uungwana wa ziada, kama kumshukuru kondakta ukishuka. Lakini aliyekosewa ndiye anayejua kosa lilifika wapi. Mimi nilijua upande wangu tu, ule wenye risiti. Anayerekebisha kimya anarekebisha kile anachokiona yeye, kisha anajipa mwenyewe cheti cha kumaliza.

Hannah Arendt, mwanafalsafa mzaliwa wa Ujerumani aliyemalizia maisha yake Marekani, alilizungumzia hili katika kitabu chake The Human Condition cha mwaka 1958. Anasema tendo la mwanadamu likishafanyika halirudi, kwa sababu linaangukia katikati ya watu wengine na kuendelea kuzaa mambo. Wazee wetu walisema hayo hayo kwa maji yaliyomwagika. Anachoongeza Arendt ni kwamba tunayo dawa ya kutorudi huko, nayo ni msamaha, na kwamba mtu hawezi kujisamehe peke yake. Lazima awepo mwingine. Nikiweka jambo hilo kando ya kitufe changu, naona tofauti ilipo. Kitufe nakibonyeza peke yangu, saa yoyote, na hakimhitaji mtu. Msamaha uko mikononi mwa yule mama, na hawezi kuutoa wala kuunyima kwa kosa ambalo hajui lilitendeka. Nilipomficha nilimnyima hata nafasi ya kunikatalia.

Lakini nisimfanye meneja kuwa mtu mbaya, kwa sababu hoja yake bado inanisumbua. Sacco ni imani kweli. Watu wakikimbilia kutoa pesa siku moja, sacco ndogo inaweza kufa, na watakaoumia zaidi ni wale wa mwisho kwenye foleni, na hao huwa si wenye nguvu. Kuna ukweli ambao ukitolewa ovyo unaharibu kuliko uongo. Na kuna jambo lingine ambalo hata yeye hakulisema: ile Jumanne jioni tungemtumia yule mama meseji ya kumwomba radhi binafsi, ingeenda kwa namba ya zamani. Tungekuwa tumemwambia yule bwana, kwa adabu zote, kwamba mke wake wa zamani alikuja kubadilisha namba.

Kwa hivyo sidai kwamba kusema ni rahisi au kwamba kila namna ya kusema ni sawa. Nadai jambo dogo zaidi. Hoja ya meneja ilikuwa juu ya namna ya kusema, na sisi tuliigeuza ikawa ruhusa ya kutosema. Na tuliigeuza usiku, wawili watatu, tukila chapati, bila mtu hata mmoja wa wale ambao siku yao ilifutwa kuwepo mezani. Tukipima hatari ya wao kujua, tuliipima vizuri sana, maana ilikuwa hatari yetu. Hatari ya wao kutojua hatukuipima kabisa, kwa kuwa ilikuwa yao.

Baada ya yule mama kuondoka, meneja alifunga mlango wa ofisi yake kwa nusu saa. Alipotoka aliniambia niandike tangazo. Likabandikwa mlangoni na likatumwa kwa wanachama wote kwa maneno yale yale, bila kutaja mtu: Jumanne iliyopita mfumo wetu ulirudishwa nyuma, pesa zimekaguliwa na ziko sawa, kama ulifika siku hiyo kwa jambo lolote, tafadhali pita ofisini uhakikishe, na uje na kitambulisho. Waliokuja na mambo yao yaliyopotea walikuwa wanne. Mmoja alikuwa amejitoa kuwa mdhamini wa mkopo wa shemeji yake, na kwa wiki nzima alikuwa amelala akidhani yuko huru. Kondakta mmoja alikuwa amebadilisha jina la mrithi baada ya mtoto wake wa kwanza kuzaliwa.

Wanachama wawili walitoa pesa zao zote wakafunga akaunti. Meneja alikuwa sahihi kuhusu hao. Mmoja wao aliniambia kwenye ngazi kwamba hana kinyongo, ila hawezi kuweka pesa mahali ambapo jana inaweza kupotea. Sikuwa na la kumjibu. Ukweli una bei yake, na bei hiyo safari hii ililipwa na sacco badala ya kulipwa na mama mmoja mlangoni kwake usiku. Nikiulizwa ni nani alifaa kuilipa, sioni ugumu wa swali.

Bado napiga picha kabla ya kila apdeti. Ni chombo kizuri na ningekuwa mjinga kukiacha. Ila siku hizi kabla ya kurudisha chochote natoa kwanza nakala ya data, hata kama dunia inapiga kelele nyuma ya kiti, na nachukua karatasi nikaandika maswali mawili: ni nani walioigusa mashine hii tangu picha ipigwe, na nitawaambiaje? Nikikosa jibu la swali la pili, kidole kinangoja.

Na pale kaunta, kando ya kompyuta, dada aliweka daftari la shule la kurasa 200. Jambo lolote lisilo na risiti, namba, mrithi, mdhamini, linaandikwa humo kwa kalamu na mwanachama anatia sahihi. Nilipoliona mara ya kwanza nilitaka kumweleza kwamba tunaweza kulifanya hilo ndani ya programu. Nikanyamaza. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hili mimi siwezi kulirudisha saa moja asubuhi.

Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, ni wa yule mama. Nilikuwepo aliposaini. Alisoma namba yake mpya tarakimu kwa tarakimu, kidole kikifuata, akamwomba dada airudie kwa sauti ya chini, kisha akatia sahihi. Alipoinuka alimsalimia dada kwa jina na kumwambia Mungu ambariki. Mimi alinitazama tu, akafunga pochi, akashuka ngazi.